Sifa za Mshika Kamera

Jumamosi tarehe 5 Julai 1969, mchana, Tom Mboya alipigwa risasi alipokuwa akitoka katika duka la dawa la Chaani, Government Road, Nairobi, barabara ambayo leo tunaiita Moi Avenue. Alikuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo, katibu mkuu wa chama tawala cha KANU, na kwao ni Kisiwa cha Rusinga. Alikuwa na miaka 38. Dakika chache baadaye akafika kijana wa miaka 25 na kamera yake. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Dar es Salaam, alipiga filamu humo dukani huku daktari akihangaika kuurudisha moyo wa Mboya, akaendelea kupiga hadi ndani ya gari la wagonjwa lililokuwa likikimbilia Nairobi Hospital. Mboya hakupona.

Dunia inamkumbuka Amin kwa picha za njaa ya Korem, Ethiopia, mwaka 1984, na ni haki yake. Lakini mimi naona ufundi wake ulikuwa umekwisha kukomaa mchana ule wa Julai, na ndio ninaotaka kuusifu hapa, kwa sababu sisi wa ufuo wa Ziwa Victoria tuna deni nao ambalo hatujawahi kulitaja vizuri.

Fikiria kazi yenyewe. Filamu ya habari siku hizo ilikuwa ya milimita 16. Mkanda wa futi 100 ulikwisha kwa dakika mbili na robo tatu hivi, kisha ufungue kamera, utoe, uweke mwingine, kivulini au chini ya koti, vidole vikijua njia bila macho. Kamera nyingi zilikuwa za kutia ufunguo kwa mkono. Springi ikilegea katikati ya tukio, picha imekatika. Kuona ulichopiga ilikuwa haiwezekani mpaka filamu ioshwe, na mara nyingi ilioshwa London baada ya safari ya ndege. Kwa hiyo kila sekunde ilikuwa na bei, na mpigapicha alilazimika kuchagua papo hapo: uso au mikono, mlango au umati, kukaa au kusogea. Mvuvi wa omena anaijua hesabu hiyo. Mafuta ya karabai yakiisha kabla samaki hawajakusanyika, usiku wake umekwenda bure.

Kilicho kigumu zaidi ni kubaki. Mtu anakufa mbele yako, watu wanapiga nduru, na pengine mwenye bastola bado yuko jirani. Mwili wote unakwambia ama ukimbie ama uweke chombo chini usaidie. Nimesikia watu wakiuliza ni moyo gani huo wa kupiga picha wakati kama ule. Ni swali la haki, na jibu langu ni kwamba daktari alikuwepo tayari. Aliyekosekana ni shahidi. Bila filamu ile tungebaki na taarifa ya serikali na minong'ono ya mtaani, na Wakenya wanajua jinsi vitu hivyo viwili vinavyoweza kula ukweli. Waingereza walimtunuku Amin tuzo ya mpigapicha wa habari za televisheni wa mwaka kwa kazi ile.

Tena filamu ile ilikuwa na adabu ya kutosema kisichoonekana. Nahashon Njenga Njoroge alishtakiwa, akahukumiwa, akanyongwa mwaka huohuo, na swali la nani alimtuma limeendelea kuulizwa hadi leo. Kamera haikulijibu, wala haikujifanya kulijibu. Ilionyesha mtu, jeraha, na watu waliokuwa wakijaribu kumwokoa, ikaishia hapo.

Adabu hiyo ilikuwa imeonekana Marekani miaka sita kabla. Novemba 22, 1963, John F. Kennedy alipopigwa risasi Dallas, Walter Cronkite wa CBS alilazimika kuanza kutangaza kwa sauti tu, kwa sababu kamera ya studio ilihitaji muda wa kupata moto kabla ya kutoa picha. Watazamaji wakamsikia kabla ya kumwona. Fununu za kifo zilipomiminika alizitaja kuwa ni fununu, akangoja uthibitisho ndipo akatangaza kwamba Rais amefariki. Siku mbili baadaye kamera za NBC zilikuwa hewani moja kwa moja Lee Harvey Oswald alipouawa mbele ya polisi. Ninamtaja Kennedy pia kwa sababu wakfu wa familia yake ndio uliotoa fedha mwaka 1960 wakati Mboya alipokuwa akihangaika kuwasafirisha wanafunzi wa Afrika Mashariki kwenda kusoma Marekani. Watu hao wawili walijuana. Wote wawili waliuawa mchana, mjini, mbele ya watu.

Huku ziwani habari ya Mboya ilifika kwa redio. Televisheni ilikuwa imeanza Kenya mwaka 1962 na bado ilikuwa chombo cha wachache, wengi wao wakiwa Nairobi. Tarehe 8 Julai, kwenye misa ya wafu katika Kanisa la Familia Takatifu, gari la Rais, Mzee Jomo Kenyatta, lilipigwa mawe na gesi ya machozi ikaingia hadi kanisani. Kisha mwili ukaletwa kwa barabara mpaka Nyanza, ukapita Kisumu, ukavushwa kwenda Rusinga, maana tuta la Mbita lilikuwa halijajengwa. Waliosimama kando ya barabara kumpokea walikuwa wamelia siku kadhaa kwa kusikia tu.

Oktoba 25 mwaka huohuo hasira ile ikalipuka Kisumu. Kenyatta alikuja kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, ile ambayo watu wa Kisumu waliizoea kwa jina la Russia. Akarushiana maneno makali na Jaramogi Oginga Odinga hadharani, na walinzi wakafyatua risasi kwenye umati. Serikali ilitaja watu 11 waliokufa; wenyeji wametaja idadi kubwa zaidi tangu siku ile. Siku chache baadaye KPU, chama cha Odinga, kikapigwa marufuku.

Ukitaka kujua thamani ya kamera, tazama mahali ambapo haikuwepo. Februari 1990 Dakta Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje na mbunge wa Kisumu, alitoweka nyumbani kwake Koru. Mwili wake ulipatikana karibu na kilima cha Got Alila, umeungua na una jeraha la risasi, na bado kukawa na sauti za kutaka tuamini kwamba alijiua. Televisheni iliyokuwepo ilikuwa moja tu, ya serikali. Kituo cha KTN kilianza mwezi uliofuata. Vijana wakajaa barabarani Kisumu. Mpelelezi John Troon akaletwa kutoka Uingereza, tume ya Jaji Evans Gicheru ikasikiliza mashahidi, na Novemba 1991 Rais Moi akaivunja kabla haijamaliza. Hadi leo, ukiketi na wazee Kisumu, kila mmoja ana Got Alila yake.

Miaka 18 baadaye, Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, mambo yalikuwa tofauti. Matangazo ya moja kwa moja yalikuwa yamepigwa marufuku tangu Desemba 30. Hata hivyo mpigapicha wa KTN alikuwepo Kondele, Kisumu, vijana walipokuwa wakiwadhihaki polisi kwa nyuso na vidole, bila silaha mkononi. Polisi mmoja akakimbilia mbele, akafyatua, vijana wakaanguka. Kamera haikugeuka. Picha ile ikaonyeshwa nyumbani na nje ya nchi. Mwaka 2010 mahakama ilimwachilia polisi aliyeshtakiwa, kwa kuwa bunduki iliyoletwa kortini haikulingana na kumbukumbu za silaha. Hilo liliwauma watu wengi wa Kisumu, nami nikiwemo. Lakini hakuna aliyeweza tena kusema kwamba vijana wale walikuwa na bunduki, au kwamba hawakuuawa.

Ripota husimama mbele na kutaja jina lake mwishoni mwa taarifa. Mshika kamera hubaki nyuma ya lenzi, na habari ikishapita jina lake hupita nayo. Ninaviomba vituo vya televisheni viyaandike majina hayo kwenye skrini na katika maktaba zao, na vizihifadhi vizuri picha za 1969 na 2008. Vyuo vya Kisumu na Maseno navyo viombe nakala, viwaonyeshe wanafunzi wa uanahabari jinsi kazi hii ilivyofanywa wakati kuifanya kulikuwa hatari.