‘Waliweza’ au ‘wangaliweza’? Tusiisingizie Dholuo

KATIKA taarifa za habari kutoka kaunti za Migori na Homa Bay, na kwa kweli kote nchini, kitenzi ‘kuweza’ kimebebeshwa mzigo usio wake. Tuseme mashua imezama karibu na Mbita na wavuvi wawili wamefariki. Jioni tunasikia redioni: “Wavuvi hao waliweza kuokolewa iwapo msaada ungefika mapema.” Aliyenasa nusu ya kwanza tu ya sentensi hiyo atalala akijua kwamba ndugu yake yu hai.

Umbo ‘waliweza kuokolewa’ linatwambia kuwa waliokolewa. Waliokufa maji ‘wangaliweza kuokolewa’, kwani nafasi ile ilikuwapo, ikapita, na haitarudi. Wapo watakaosema ‘wangeweza’ yatosha. Sawa, katika soko la samaki la Sori hakuna atakayekutoza faini kwa hilo. Kwenye taarifa ya vifo, mimi ningechagua ‘-ngali-’.

Kosa hili likitokea, walimu wengi hukimbilia kusema eti ni athari za lugha ya mama. Hapa sikubaliani nao. Dholuo hutenganisha mambo haya waziwazi: ‘ne onyalo’ ni aliweza, ‘dine onyalo’ ni angaliweza. Mtoto wa Muhuru Bay hujua tofauti hiyo kabla hajaingia chekechea. Mshukiwa halisi ni Kiingereza, ambacho neno lake ‘could’ hueleza uwezo uliokuwapo jana na pia jambo ambalo lingewezekana tu. Mwanahabari huwaza kwa lugha hiyo, kisha akatafsiri mbiombio kabla ya saa ya habari.

Linganisha na Kijerumani, ambacho baadhi ya vijana wetu wanajifunza wakitazamia kazi Ujerumani, hasa baada ya mkataba wa ajira uliotiwa saini Septemba 2024. Huko ‘konnte’ ni aliweza na ‘könnte’ ni angeweza. Kinachozitenga ni nukta mbili juu ya herufi ‘o’, na mwanafunzi huzikariri usiku kucha. Mbona basi ‘-li-’ na ‘-ngali-’ zimshinde?

Isitoshe, Kiswahili kina ukwasi ambao ‘konnte’ peke yake haina. “Babu alikuwa akiweza kuogelea hadi Rusinga” ni sifa ya ujana wake, hata kama siku hiyo hakugusa maji. “Babu aliweza kuogelea hadi Rusinga” ni tukio: aliingia majini, akapambana, akafika. Kwa Kijerumani, ‘konnte’ hutumika kote kuwili, na msikilizaji huachiwa muktadha umsaidie.

Ndiyo maana hunikera kusikia “mwanahabari wetu aliweza kuzungumza na chifu”. Ikiwa chifu alikuwa mafichoni na mwanahabari akamsaka siku tatu, naam, aliweza. Ikiwa alimkuta ofisini akinywa chai, alizungumza naye tu.