Maji kama Mpaka: Uogeleaji na Upigaji Mbizi wa Wahusika katika Mfululizo wa Assassin's Creed

Mhusika wa ngano anapofika mtoni, fanani hana budi kuamua: avuke, azame, au amsubiri mwenye mtumbwi. Uamuzi huohuo humkabili mtunzi wa mchezo wa video, tofauti ikiwa kwamba wa kwake huwa kanuni isiyojadiliwa na mchezaji. Makala haya yanauhakiki mfululizo wa Assassin's Creed kwa kuuliza nani kapewa uwezo wa kuogelea na kupiga mbizi, na kwa historia ya nani.

Katika mchezo wa kwanza (2007), unaosawiri mwaka 1191, Altaïr huparamia minara ya Dameski, Yerusalemu na Acre kwa mikono mitupu, lakini akiangukia majini hufa papo hapo. Wengi huliona jambo hili kuwa kasoro ya ufundi, nasi hatuna sababu ya kukana kwamba ufundi ulihusika. Hata hivyo, maelezo hayo hayatoshi. Katika gati la Acre, ambako Altaïr humwinda Sibrand, mchezaji hulazimika kuruka kutoka nguzo hadi nguzo na mashua hadi mashua, huku walevi wakiweza kumsukuma wakati wowote. Taharuki yote ya sehemu hiyo inatokana na maji yasiyoogeleka. Miaka miwili baadaye Ezio aliogelea katika mifereji ya Venice na kujizamisha ili askari wasimwone. Kilichokuwa kaburi kikageuka maficho, na tangu hapo shujaa asiyejua kuogelea akasahaulika.

Suala lenye uzito zaidi limo katika Black Flag (2013), unaosawiri Karibi ya mwanzoni mwa karne ya 18. Edward Kenway, haramia kutoka Wales, hushushwa kwa kengele ya kuzamia hadi kwenye meli zilizozama, akivuta pumzi kwenye mapipa ya hewa na kujificha papa katika mwani. Sehemu hizi ni miongoni mwa zilizosanifiwa vizuri kuliko zote katika mfululizo, na ndiyo maana zinastahili kuhojiwa. Mabaharia wengi wa Ulaya wa wakati huo hawakujua kuogelea. Waliozamia lulu katika kisiwa cha Margarita na kuopoa mali za meli zilizozama katika bahari hiyo walikuwa, kwa kiasi kikubwa, watumwa wenye asili ya Afrika, na wengine walitoka katika jamii zilizoogelea tangu utotoni. Mchezo umechukua kazi yao, ukaifanya burudani, kisha ukamkabidhi Edward. Adéwalé, aliyezaliwa utumwani Trinidad, yumo melini humo kama msaidizi wake kwa sehemu kubwa ya hadithi. Anayezama ni nahodha.

Freedom Cry, uliotolewa mwaka huohuo, ulimpa Adéwalé nafasi ya ushujaa. Tukio lake lisilosahaulika ni meli ya watumwa inayozama huku mateka wakiwa wamefungwa minyororo. Hapa maji yanarudi kuwa kifo, lakini kifo chenye mhusika na sababu: anayezama amefungwa na mtu. Kwa maoni yetu, hapa ndipo mfululizo huu umelisoma suala la maji kwa ukweli mkubwa kuliko mahali pengine popote.

Odyssey (2018) hauhitaji maelezo marefu. Herodotus mwenyewe alidai kwamba Wagiriki waliokoka Salamis kwa kuwa walijua kuogelea ilhali Waajemi wengi walizama, hivyo mbizi za Kassandra zina msingi, ukiacha silaha ya Poseidon inayomwezesha kupumua chini ya maji.

Origins (2017) una mvuto wa pekee kwa msomaji wa Songwe. Bayek akiingia Mto Nile hukutana na mamba na viboko. Mchezaji aliyeketi kwenye kibanda cha gemu mjini Tunduma, penye mpaka wa nchi kavu kati ya Tanzania na Zambia, huenda asiwe na ziwa karibu, lakini mkoani mwake limo Ziwa Rukwa, linalofahamika kwa mamba wake. Kwa jamii za kandokando ya ziwa hilo, kujua kuogelea hakumfanyi mtu ajitose ovyo. Bayek hujitosa, hupambana na mnyama, kisha huendelea na safari. Maarifa ya kusoma maji kabla ya kuyaingia hayana thamani katika mchezo, kwa kuwa kosa hurekebishwa kwa kuanza upya.

Kiswahili nacho kina la kusema. Kuogelea kumetokana na kuoga, kwa hiyo kunabeba wazo la starehe na usafi. Kuzamia ni kazi, kama ya mzamia lulu. Na katika Kiswahili cha mitaani mzamiaji ni yule anayejificha melini au kupenya mpaka akitafuta maisha. Wazamiaji wa maana hii ya pili wanafahamika sana Tunduma, ingawa wanapita nchi kavu. Mfululizo unaojivunia mashujaa wanaovuka kila ukuta haujamjenga bado mhusika ambaye kwake kuvuka maji ni suala la kibali. Mto Songwe, unaotenganisha Tanzania na Malawi, umewahi kuhamisha mkondo wake kwa mafuriko kiasi cha kuzifanya serikali mbili zipange namna ya kuudhibiti, maana mto ukihama, shamba la mtu huweza kujikuta ng'ambo ya pili bila mwenyewe kupiga hata mbizi moja.