Bei ya Moshi

Nina waraka mmoja ambao nimeusoma mara nyingi kuliko barua yoyote ya jamaa zangu. Ulitolewa na Tume ya Ulaya mjini Brussels tarehe 11 Desemba 2019, nao unaitwa Mpango wa Kijani wa Ulaya. Si waraka mrefu. Kurasa zake hazifiki 30. Ndani yake Umoja wa Ulaya unaahidi kwamba ifikapo mwaka 2050 hautaongeza hewani gesi zinazoipasha dunia joto kupita kiasi unachoweza kukiondoa. Tena unaahidi kwamba katika safari hiyo hapana mtu wala mahali patakapoachwa nyuma. Ursula von der Leyen, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameshika urais wa Tume hiyo, aliifananisha siku ile na siku mwanadamu alipofika mwezini.

Waraka wa namna hii watu huusoma kwa jicho la mhasibu. Mimi napenda kuusoma kama tunavyosoma hadithi: nani ametajwa, nani kasahauliwa, na je, mwisho wake unafuatana na mwanzo? Nadhani nina haki ya kufanya hivyo. Nimeishi miaka mingi katika bonde la Ruhr, Ujerumani, nchi ya makaa ya mawe, nikiwa mpangaji wa vyumba viwili vinavyopashwa joto kwa gesi. Ahadi ile ilinihusu mimi pia. Na wahenga walisema, ahadi ni deni.

Nianze na sifa, maana mhakiki anayeanza kwa lawama hujinyima masikio ya watu. Tangu mwaka 2005, miaka mingi kabla ya waraka huo, Ulaya ilikuwa na soko la vibali vya moshi. Kazi yake haina ugumu wa kueleza. Wakubwa wanaweka kikomo cha moshi unaoruhusiwa kutoka katika mitambo ya umeme na viwanda vikubwa. Kila tani ya hewa ya ukaa inadai kibali chake. Anayechafua kidogo anaweza kuuza vibali vilivyombakia, na anayechafua sana hana budi kununua. Mwaka hata mwaka kikomo kinashushwa.

Hapo mwanzo soko hili lilikuwa kichekesho. Vibali viligawiwa bure, tena vingi kuliko moshi wenyewe, hata mwaka 2007 bei ikaanguka karibu na sifuri. Makampuni ya umeme nayo yalipandisha bei kwa wateja kana kwamba vibali vile yamevinunua, ilhali yamepewa. Baada ya msukosuko wa uchumi ulioanza mwaka 2008 bei ilizama tena, na mwaka 2013 ilishuka chini ya euro 5 kwa tani. Wengi walisema shauri hilo limekufa.

Waliolitunga hawakulitupa, walilirekebisha. Wenye mitambo ya umeme walianza kununua vibali mnadani badala ya kugawiwa. Mwaka 2019 ulianza utaratibu wa kuviondoa sokoni vibali vya ziada. Februari 2023 bei ilivuka euro 100 kwa mara ya kwanza. Hapo mwenye mtambo wa makaa ya mawe aliketi akapiga hesabu, akaona upepo na jua vina nafuu. Kufikia mwaka 2023 gesi hizo katika Umoja wa Ulaya zilikuwa zimepungua kwa asilimia 37 hivi zikilinganishwa na mwaka 1990. Anayesema kwamba Ulaya haikufanya lolote hasemi kweli.

Lakini tuulize, kwa nini bei ilifanya kazi mahali hapo? Ni kwa sababu aliyelipa ndiye aliyechagua. Mwenye mtambo alipewa bei, naye alikuwa na njia nyingine ya kupita. Bei humfundisha mtu mwenye njia mbili. Kwa mwenye njia moja tu, bei haifundishi kitu, inamwadhibu.

Sasa tuje nyumbani kwangu. Januari 2021 Ujerumani ilianza kutoza euro 25 kwa kila tani ya hewa ya ukaa inayotokana na petroli, dizeli, mafuta ya kupashia joto nyumba na gesi ya majumbani. Kusudi lilikuwa jema: watu waone ughali wa moshi, waache mitambo ya zamani. Miezi michache baadaye boila la gesi katika nyumba yetu liliharibika. Sisi wapangaji sita tulishuka chini ya nyumba, tukasimama kulizunguka kama watu wanaomtazama mgonjwa. Fundi alisema halitengenezeki. Mwenye nyumba akaleta jipya. La gesi.

Simlaumu sana. Alifanya hesabu yake. Pampu ya joto ingemgharimu fedha nyingi zaidi, pamoja na kuta za kuzibwa na madirisha ya kubadilishwa. Boila la gesi lilikuwa rahisi, na gesi yenyewe halipi yeye. Tozo ya moshi wakati huo ilimwangukia mpangaji yote. Basi tazama, ndugu msomaji, jinsi kisa kilivyopinda: mwenye uwezo wa kuchagua halipi, na anayelipa hana la kuchagua. Boila hilo limebandikwa kibati cha mwaka 2021, na mashine za aina hiyo huishi miaka 20 na zaidi. Miaka miwili baada ya waraka wa Brussels, chini ya kitanda changu ilifungwa mashine itakayotoa moshi hadi baada ya mwaka 2040.

Serikali iliuona ufa huo. Tangu tarehe 1 Januari 2023 sheria ya Ujerumani inagawa tozo hiyo kati ya mwenye nyumba na mpangaji kwa ngazi kumi: nyumba ikizidi kuwa mbovu, fungu la mwenyewe linaongezeka, hata kufikia asilimia 95. Ni sheria nzuri. Ila kwetu ilifika boila likiwa limeshafungwa.

Halafu ukaja ule msimu wa baridi. Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine, na gesi ambayo Ulaya ilikuwa imeizoea kama maji ya bomba ikawa silaha. Nilipokea barua ya ankara mpya ya kila mwezi. Niliisoma nikiwa nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Tulizima joto vyumbani, tukabakiza jikoni. Nguo hazikukauka. Ukungu mweusi ukaota ukutani nyuma ya kabati, nikawa naukwangua kila Jumamosi kwa kitambaa na siki.

Serikali ilikuja na msaada mwaka 2023. Asilimia 80 ya matumizi ya kawaida ya kila nyumba iliwekewa bei ya kikomo, senti 12 kwa uniti moja ya gesi, na kilichozidi hapo kililipiwa bei ya soko. Kwa upande mmoja mpango huo ulibuniwa kwa akili: ulimwokoa mtu bila kumwondolea sababu ya kubana matumizi. Kwa upande mwingine, msaada ulipimwa kwa matumizi ya zamani. Aliyezoea kuchoma gesi nyingi kwa kupasha joto bwawa lake la kuogelea alipata msaada mwingi, na aliyezoea kutetemeka alipata kidogo. Kwa takwimu za Umoja wenyewe, mwaka 2023 zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi alishindwa kuipasha nyumba yake joto la kutosha. Hao ndio wale ambao hawakupaswa kuachwa nyuma.

Ghorofa ya chini kwetu anaishi mzee mmoja aliyechimba makaa kwa miaka 30. Jioni moja ya baridi ile alinikaribisha kahawa. Nilimuuliza, "Mzee, wewe ulifungiwa kazi yako yote. Mbona sikusikii ukilalamika?"

"Tuliambiwa mapema, jirani," alinijibu. "Mtu akiambiwa mapema hujipanga."

Neno hilo lina historia ndani yake. Katika miaka ya 1950 machimbo ya makaa ya Ujerumani Magharibi yaliajiri watu wapatao laki sita. Machimbo yalifungwa moja baada ya jingine, kwa miongo sita. Mwaka 2007 iliamuliwa kwamba ruzuku ikome mwaka 2018, na tarehe 21 Desemba 2018 wachimbaji wa Prosper-Haniel, mjini Bottrop, walimkabidhi Rais Frank-Walter Steinmeier kipande cha mwisho. Kati ya uamuzi na siku ile ilipita miaka 11. Wazee walistaafu mapema, vijana walifundishwa kazi nyingine, na shabaha ilikuwa kwamba asitupwe mchimbaji hata mmoja.

Waandishi wengi huishia hapo, wakaisifu Ruhr kuwa mfano wa kuigwa. Mimi nasita. Kwanza, machimbo hayakufungwa kwa ajili ya hewa ya dunia. Yalifungwa kwa sababu makaa ya ng'ambo yalikuwa rahisi. Mzee alipoacha kuchimba, meli ziliendelea kuleta, na mitambo ikaendelea kuchoma. Pili, si mbali na hapa makaa ya kahawia yaliendelea kuchimbwa, hata Januari 2023 polisi waliwaondoa kwa nguvu vijana waliojaribu kukinusuru kijiji cha Lützerath. Tatu, ardhi yenyewe haijasamehe. Sehemu nyingine za bonde hili zimedidimia zaidi ya mita 20, na maji hayana budi kuvutwa kwa pampu siku zote, la sivyo miji itakuwa maziwa. Wenyeji huziita kazi za milele. Upole ule kwa wachimbaji ulikuwa wa haki, lakini ulikuwa wa polepole, na joto la dunia halitatupa miongo sita mingine.

Hapa ndipo penye fundo la waraka wa Brussels. Ukienda polepole, dunia inaungua. Ukienda mbio bila kutengeneza njia, wanyonge wanaanguka, nao wakianguka wanageuka kuupinga msafara. Ufaransa ililiona hilo Novemba 2018, watu wa fulana za manjano walipofunga barabara kwa hasira ya tozo ya mafuta. Wengi wao walikaa mahali pasipo na basi wala treni. Waliambiwa waache gari, wapande nini? Mwezi uliofuata serikali ikaifuta nyongeza iliyokuwa ianze mwaka 2019. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, lakini na anayemchapa mwana bila kumpa chakula hamlei.

Waraka ulizaa fungu la mikoa ya makaa, euro bilioni 17.5 kwa bei za mwaka 2018. Ni jambo jema, ila fungu hilo linamfuata mchimbaji, halimfuati mpangaji. Kwa ajili ya mpangaji na mwenye gari bovu ulibuniwa baadaye mfuko mwingine, wa hadi euro bilioni 65, utokane na soko jipya la vibali kwa mafuta ya magari na joto la nyumba. Soko hilo lilipangwa kuanza mwaka 2027, na mfuko utangulie kwa mwaka mmoja. Mwaka mmoja wa kuziba kuta za mamilioni ya nyumba! Na mwaka 2025, kabla soko halijafunguliwa, wakubwa walikubaliana kulisogeza mbele hadi 2028. Sina ugomvi na kusogeza mbele. Ugomvi wangu ni kuusogeza mbele ushuru bila kuharakisha kujenga barabara.

Kuna mtu mmoja zaidi ambaye hadithi hii inamtaja kwa mbali. Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kukosoa bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, kilomita 1,443. Hofu zao juu ya watu waliohamishwa na juu ya mazingira hazikuwa za uongo. Nilizisoma na nyingi nilizikubali. Lakini mwaka huohuo Ujerumani ilikuwa ikiirudisha kazini mitambo ya makaa iliyokuwa imewekwa akiba. Dada yangu alinipigia simu, akaniuliza, "Kwani ninyi huko mnaota moto wa nini?" Sikuwa na jibu. Neno la kweli likisemwa na mwenye deni hupungua uzito.

Basi hukumu yangu ni hii. Kwa hesabu, waraka wa mwaka 2019 ni kazi nzuri, na matendo yaliyoufuata yamethibitisha kwamba moshi wa Ulaya unaweza kushuka. Kwa haki, haujakamilika. Umeanza kwa ahadi kubwa kwa kila mtu, ukaendelea na bei, ukawaacha watu watafute njia wenyewe. Laiti ungeandikwa upya, ningeomba sentensi moja tu iongezwe: kwamba fedha za moshi zimfikie kwanza yule asiye na njia ya pili, na zimfikie kabla ya ankara.

Jana nilishuka chini kutafuta baiskeli yangu. Boila lilikuwa likinguruma taratibu, zima kabisa, halina kosa. Mwaka 2050 litakuwa na miaka 29. Mzee wa chini naye alikuwa pale, anapanga chupa zake. Alilitazama, akanitazama.

"Hili," akasema, "nani ataliambia mapema?"