Anwani, Mtandao na Hodi: Uhakiki wa Istilahi za Hitilafu za Kompyuta ya Nyumbani

Tangu kazi ya kuipa kompyuta lugha ya Kiswahili ilipoanza kushika kasi, na hasa baada ya programu ya OpenOffice kutolewa kwa jina la Jambo mwaka 2004 kwa juhudi za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mengi yameandikwa juu ya jina la mashine yenyewe. Wako waliopendekeza ngamizi, wako walioshikilia tarakilishi, na wananchi wakaendelea kusema kompyuta. Mjadala huo hatuna haja ya kuufufua. Tunayotaka kuyahakiki ni maneno ambayo msomaji wa kawaida huyakuta siku moja tu, nayo ni siku mbaya: siku kompyuta yake inapokataa kuungana na ulimwengu wa nje, na kioo chake kikaanza kumsemesha juu ya anwani, lango, seva na mtandao.

Tumechagua kuyapima maneno hayo kwa masikio ya Makambako na Njombe, miji iliyo umbali wa kilomita zipatazo 60. Makambako ni njia panda. Hapo barabara kuu itokayo Iringa kwenda Mbeya huachana na ile iendayo Njombe na Songea, na reli ya TAZARA ina stesheni yake hapo. Wenyeji wengi wa sehemu hizo wamekulia katika Kibena, Kihehe au Kikinga. Kiswahili chao ni cha shule, cha soko na cha ofisi. Istilahi iliyotungwa Dar es Salaam ikieleweka hapo bila mkalimani, yaelekea itaeleweka na kwingineko bara. Isipoeleweka, hasara yake huonekana upesi. Mwanafunzi anayeomba mkopo wa elimu ya juu huomba kwa njia ya intaneti, na dirisha la maombi lina siku ya kufungwa. Mwenye stesheneri anayewajazia watu fomu hupoteza kazi ya siku nzima. Mwenye kompyuta nyumbani mjini Njombe humlipia fundi nauli kutoka Makambako, kumbe waya ulichomoka nyuma ya meza.

Tuanze na neno mtandao, maana hapo ndipo penye tatizo kubwa zaidi. Kwa umbo lake neno hili halina kasoro: latokana na kitenzi tanda, ndugu yake ni utando wa buibui, na picha inayotupa ni ya kweli. Kasoro ni kwamba limebebeshwa mizigo mitatu. Mtandao ni kompyuta, simu na printa za nyumba moja zilizounganishwa pamoja. Mtandao ni kampuni ya simu pamoja na minara yake, ndiyo maana watu huulizana: wewe unatumia mtandao gani? Na mtandao ni intaneti yote ya dunia. Mtu akisema mtandao hakuna, hatujui ni upi kati ya hiyo mitatu uliokosekana. Na kwa anayetafuta hitilafu, swali la kwanza kabisa ni hilo: upi?

Mfano ulio wazi ni wa tarehe 12 Mei 2024. Nyaya mbili zipitazo chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu kusini mwa nchi yetu, na intaneti ikazorota au kukatika kabisa katika Tanzania na nchi jirani. Siku hiyo kompyuta ya nyumbani Njombe iliweza kuwa na anwani sahihi, ruta ikawasha taa zake zote, na mnara ukawa hewani. Kilichoharibika kilikuwa mbali, baharini. Lakini neno la kulieleza jambo hilo lilikuwa lile lile litumikalo panya anapotafuna waya wa sebuleni. Kuzima na kuwasha ruta ni dawa ya ugonjwa wa nyumbani. Siku hiyo haikuwa dawa ya kitu chochote. Twaona yafaa basi kusema mtandao wa ndani kwa ule wa nyumba, mtandao wa simu kwa ule wa kampuni, na intaneti kwa ule wa dunia. Mdahalishi, lililopendekezwa kwa maana hiyo ya tatu, halikushika midomoni mwa watu, na hatuoni faida ya kulilazimisha.

Neno anwani lina bahati njema zaidi. Limetoka katika Kiarabu, ambako lina maana ya kichwa cha maandishi na pia ya mahali pa kupelekea barua. Maana zote mbili zimetufikia, na wako wahakiki wa fasihi ambao hata leo husema anwani ya riwaya. Lakini watafsiri wa programu wamelichukua kana kwamba mtumiaji wake anaishi London, penye jina la mtaa, namba ya nyumba na tarishi apitaye mlangoni. Kwa Mtanzania anwani imekuwa kwa miaka mingi ni S.L.P. Barua haikufuati nyumbani. Wewe ndiwe uifuataye posta. Anwani za makazi, zenye jina la barabara na namba ya nyumba, zilipewa msukumo mkubwa wa kitaifa mwaka 2022, nazo hazijawa mazoea ya kila mtu.

Ajabu ni kwamba sanduku la posta laieleza kompyuta ya nyumbani vizuri kuliko mtaa wa London. Shule ya sekondari yenye mamia ya wanafunzi huwa na sanduku moja. Barua zote huja kwa sanduku hilo, kisha ofisi ya shule huzigawa ndani kwa jina na kidato. Ndivyo ilivyo kwa nyumba yenye ruta. Anwani za IP za toleo la 4 haziwezi kuzidi 4,294,967,296, idadi ambayo ni ndogo kuliko idadi ya watu duniani, na akiba kuu ya dunia ilimalizika kugawiwa tarehe 3 Februari 2011. Kwa hiyo nyumba nzima hupewa sanduku moja la nje, na ruta hugawa anwani za ndani, ambazo aghalabu huanza na 192.168. Namba hizo zilitengwa kwa kazi hiyo mwaka 1994. Nyumba ya Njombe yaweza kuwa na namba ile ile iliyomo katika nyumba ya Makambako pasipo ugomvi wowote, kama vile Kidato cha Pili B kilivyomo katika shule zote mbili. Wakati mwingine hata sanduku la nje si la nyumba hiyo peke yake: kampuni ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya sanduku moja na kubaki na ufunguo.

Aina hizo mbili za anwani huitwa mara nyingi anwani ya umma na anwani binafsi. Hatukubaliani na majina hayo. Kitu cha umma kwetu ni kile ambacho kila mtu ana haki ya kukitumia, kama kisima au choo cha stendi. Na neno binafsi humkumbusha msikilizaji shule na hospitali za kulipia. Hakuna lolote kati ya hayo lihusikalo hapa. Anwani ya nje na anwani ya ndani yatosha.

Tena anwani ya ndani si mali ya kompyuta. Hupewa kwa muda, na kabla ya muda kwisha huombwa upya. Katika tafsiri tunakutana na anwani tuli, na kinyume chake anwani inayobadilika. Tuli ni neno zuri la maji na la moyo, lakini mtu akiambiwa kwamba anwani yake ni tuli atauliza ni nini kiliisumbua hapo kwanza. Kiswahili kina tayari kitenzi panga, chenye maana ya kuweka kwa utaratibu, na tena maana ya kukaa katika nyumba ya mtu kwa kodi. Hapa maana zote mbili zafaa. Twapendekeza anwani ya kupanga, na kwa upande wa pili anwani ya kudumu, maneno ambayo fomu za ofisini zimekwisha kuwazoesha watu. Hapo hitilafu yenyewe hueleweka bila mwalimu. Mwenye stesheneri akiipa printa yake anwani ya kudumu iliyo miongoni mwa zile ambazo ruta huzipangisha, ipo siku ruta itampangishia mgeni chumba hicho hicho, na wapangaji wawili watakutana mlangoni. Ujumbe usemao kuna mgongano wa anwani hautamtisha tena.

Je, kompyuta iliyokosa mwenye nyumba? Hiyo hujipa yenyewe namba inayoanza na 169.254. Dalili hii ina faida kubwa, kwa maana inamwambia fundi kwamba ombi halikufika kwenye ruta, au lilifika lakini ruta haikugawa kitu. Basi atazame waya, mawimbi ya waifai na ruta yenyewe, asipoteze salio kuilalamikia kampuni ya simu. Jambo lenye faida kiasi hicho hatujaliona likipewa jina la Kiswahili. Sisi twaliita anwani ya kujipa.

Kuhusu chombo kigawacho anwani hizo, tumekuta majina matatu: ruta, kipanga njia na kisambaza data. La tatu ndilo lililoenea katika programu za kusomea tovuti, nalo ndilo bovu kuliko yote. Kusambaza ni kueneza kwa wote: mbolea husambazwa vijijini, uvumi husambaa mjini. Chombo hiki hakifanyi hivyo. Hutazama anwani ya kila kifurushi na kukielekeza upande wake, kama wapiga debe wa Makambako wanavyowaelekeza abiria: huyu Mbeya, huyu Iringa, huyu Songea. Kilichosambaza kwelikweli ni kile kisanduku cha zamani kilichorudufu kila ujumbe na kuutoa katika matundu yote. Chenyewe kimepitwa na wakati, na sifa yake amerithishwa asiyestahili. Kipanga njia ni afadhali, ila kitagombana na anwani yetu ya kupanga. Utaratibu wa Baraza hututaka tutafute kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, ndipo tuombe kwa wageni. Hatuupingi hata kidogo. Lakini mafundi wamekwisha kusema ruta, wateja wao wamekwisha kusikia ruta, na neno lenyewe limekubali sauti zetu. Liachwe.

Lango nalo liachwe, kwa kuwa ni zuri mno. Tatizo ni mkia wake: lango chaguo-msingi. Mtumiaji hakuchagua kitu, wala hakuna msingi anaoujua. Kazi ya lango hilo ni kwamba ujumbe wowote usiokuwa wa humu ndani hutokea hapo. Kwa nini tusiseme lango la kutokea?

Tuje sasa kwenye kupima. Programu itumikayo sana kwa kazi hiyo ilitungwa na Mmarekani Mike Muuss mwezi Desemba 1983, naye akaipa jina la mlio wa kile chombo cha manowari kitafutacho vitu majini kwa mwangwi. Wetu huieleza kwa maneno marefu ya kujaribu muunganisho. Lakini kupeleka sauti fupi, kungoja na kusikiliza kama yumo wa kuitika ni kubisha hodi. Fundi huanza kwa kuibishia hodi kompyuta yenyewe kwa namba 127.0.0.1, ikiitika, programu zake za mawasiliano ni nzima. Kisha huibishia ruta, kwa namba iliyoandikwa penye lango la kutokea. Ikiitika, nyumba ni nzima. Kisha hubisha kwa namba iliyo nje, na mwisho kabisa kwa jina. Pale ukimya unapoanzia ndipo pa kutazamwa. (Kompyuta nyingi za nyumbani hubisha mara 4, ambapo adabu yetu ni mara 3.) Wako pia wenyeji walioamriwa wasiitike ingawa wamo ndani, na hilo nalo kila aliyewahi kudai deni analifahamu.

Majibu mabaya ya hodi ni ya namna mbili, na hapa ndipo tafsiri zinapowaumiza watu. Namna ya kwanza ni kwamba njia ya kumfikia mwenyeji haikuonekana kabisa. Namna ya pili ni kwamba ujumbe uliondoka, muda ukapita, na jibu halikurudi. Zote mbili zikitiwa katika neno imeshindikana, au haipatikani, tofauti hiyo hufutika, na fundi amenyimwa nusu ya habari. Haipatikani tunalijua kwa ile sauti ya simuni: huenda simu imezimwa, huenda mwenyewe yuko bondeni kusikofikiwa na mnara; mpigaji haambiwi. Lugha yenye kauli nyingi za vitenzi kama hii yetu haina sababu ya kujifanya maskini. Haifikiki ni jambo moja, haikujibu ni jambo jingine, haikutambuliwa ni jambo la tatu, na mawili ya kwanza ni mafupi kuliko haipatikani.

Hilo la tatu ndilo linalohitajika pale namba inapoitika lakini jina haliitiki. Watu hukumbuka majina ya tovuti, kompyuta hutumia namba, na kati yao liko daftari la kugeuza jina kuwa namba. Daftari likikosekana, kioo husema tovuti haipatikani, na msomaji hudhani tovuti imefungwa. Jina rasmi la daftari hilo, mfumo wa majina ya vikoa, limejengwa juu ya neno kikoa, ambalo pwani ni chakula cha watu waliochangiana au kupeana zamu. Asiyelelewa pwani hapati msaada wowote katika picha hiyo. Hata hivyo kikoa limekwisha kuingia katika usajili wa majina ya .tz, na kuling'oa sasa kungewachanganya waliokwisha kujisajili. Libaki huko kwenye usajili. Katika ujumbe wa hitilafu yatosha kumwambia mwenye kompyuta Njombe kwamba ruta inaitika, nje kunaitika, ila jina halikutambuliwa. Naye atajua la kumwambia fundi wa Makambako kwa simu, kabla ya kumtumia nauli.