Udaktari Bila Chuo

Wapo wasemao kwamba mtu aweza kujifanyia udaktari nyumbani, bila chuo wala msimamizi, mradi ana vitabu na subira. Nusu ya kauli hiyo naikubali. Nusu ya pili inanikatalia kila nikisomapo kitabu cha Isaria Kimambo juu ya historia ya siasa ya Wapare, kilichochapishwa Nairobi mwaka 1969.

Kitabu hicho kilitokana na utafiti wa shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Lakini ghala yake kubwa ilikuwa huku milimani, vinywani mwa wazee. Habari za Washana, wafua chuma wa Ugweno, na jinsi Wasuya walivyowanyang'anya utawala, zilihifadhiwa katika masimulizi ya koo. Basi mkazi wa Same asiye na karo hajanyimwa chemchemi. Iko mlangoni pake.

Anachokosa ni mbishi. Kila ukoo husimulia ukijipendelea, ndiyo maana Kimambo alilinganisha simulizi na simulizi. Msomi wa peke yake naye ni ukoo mmoja: hujisifu, na hakuna wa kumpinga.

Hata hivyo kitabu kina kasoro: kimeandikwa kwa Kiingereza. Wazee walitoa, wengi wao hawakuweza kusoma walichokitoa. Hapo ndipo asiye na chuo ana nafasi. Aandike kwa Kiswahili au Chasu, kisha awasomee wenye habari zao. Watambishia, na atakuwa amepata watahini.