Singida hadi Lushoto: Hesabu Iliyosahau Maji

Kikoba chetu kilipovunjwa mwaka 2024, hapa Singida Mjini, wanachama 9 tulikubaliana tusigawane fedha yote; sehemu ibaki, tukatembee. Mahali palishachaguliwa kabla sijafungua daftari: Lushoto. Kila aliyewahi kuona picha za Lushoto kwenye simu ya ndugu yake wa Dar es Salaam alikuwa na hamu nako. Mimi ndiye mweka hazina, basi kazi ya kupanga ikaniangukia. Juzi nimelisoma tena lile daftari. Kilomita, saa na lita zote zilikaa sawasawa. Kilichokosewa ni kitu cha mwanzo kabisa: niliipanga safari ya mtu wa Dar.

Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Singida Mjini iko kama mita 1,500. Yaani tulikuwa tunafunga safari ya kilomita 650 kwenda mlimani, na tukifika huko tutakuwa tumeshuka.

Sifa ya mji wa mlimani hutolewa na watu wanaotoka chini. Wajerumani walioipa Lushoto jina la Wilhelmstal walikuwa wakikimbia joto la Tanga. Reli yao ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo 1905, na kuanzia hapo waliobaki na safari walikuwa na kazi ya kupanda tu. Hewa hupoa kwa takribani nyuzi 6 kila unapopanda mita 1,000, na kutoka Mombo, iliyo kwenye mita 400 na kidogo, hadi Lushoto unapanda karibu mita 1,000 ndani ya kilomita 33. Jasho la Mombo linakukaukia mgongoni kabla hujafika Soni. Mtu wa pwani akishuka garini Lushoto anaomba sweta. Sisi tulibeba masweta, tena na makoti mazito mawili, kwa sababu watu wa Dar walitwambia. Yalirudi yakiwa yamekunjwa vilevile.

Lakini nisiruke mambo. Kwanza ilikuwa njia.

Wapo waliotaka twende Katesh, kilomita 100 tu kutoka hapa, chini ya Mlima Hanang wenye zaidi ya mita 3,400. Kwa aliye na siku mbili, ushauri wangu hadi leo ni huo. Ila Hanang ni mlima wa kupandwa, na nusu ya wanachama wetu ni akina mama ambao magoti yao yameshatoa notisi. Kundi la pili lilitaka treni ya SGR, iliyokuwa imeanza kufika Dodoma miezi michache tu nyuma, na kila mtu alitaka kusema ameshaipanda. Niliwaelewa. Lakini treni hiyo inakwenda Morogoro na Dar, wakati Lushoto iko kaskazini mwa reli hiyo. Tungechukua basi hadi Dodoma, treni hadi Morogoro, kisha basi jingine kupitia Chalinze na Segera hadi Mombo, na daladala ya kupandia mlimani. Kubadili vyombo mara tatu, na njia yenyewe ni ndefu kuliko ya Babati kwa kama kilomita 200. Kasi ya treni ingeliwa yote stendi.

Ikabaki njia ya Babati, Arusha, Moshi na Same, kwa Hiace ya kukodi yenye madereva wawili. Na hapa ndipo ninapojisifu kidogo. Muda sikuuhesabu kuanzia Singida. Niliuhesabu kinyumenyume, kuanzia zile kilomita 33 za mwisho.

Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni nyembamba, imechongwa ubavuni mwa mlima, kona baada ya kona, upande mmoja mwamba na upande mwingine korongo. Sikutaka dereva mgeni aipande gizani. Mwezi wa Oktoba jua huzama kama saa 12 na robo jioni. Nikaandika kwa kalamu nyekundu kwamba ikifika saa 11 hatujaanza kupanda, tunalala Mombo. Nikarudi nyuma: Mombo saa 10 na robo, Same saa 8 na nusu, Moshi saa 6 mchana, Arusha saa 4 na robo kwa barabara ya mchepuo bila kuingia mjini, Babati saa 1 asubuhi. Nilitumia wastani wa kilomita 50 kwa saa, kwa sababu kuna makazi mengi njiani yenye vibao vya 50, na askari hawana haraka na yeyote. Jibu likatoka: kuondoka Singida saa 10 alfajiri. Walinung'unika. Mombo tuliingia saa 10 na dakika 35.

Siku nazo zilijipanga kwa bahati. Sikukuu ya Nyerere, tarehe 14 Oktoba, iliangukia Jumatatu. Ijumaa tarehe 11 kwenda, Jumamosi na Jumapili kukaa, Jumatatu kurudi; walioajiriwa waliomba ruhusa ya siku moja tu. Mafuta tuliyakadiria kwa lita 1 kila kilomita 9, hivyo lita 145 kwenda na kurudi, pamoja na lita 30 za mlima na mizunguko. Bajeti sikuifunga hadi Jumatano ya kwanza ya mwezi ipite, siku ambayo EWURA hutangaza bei kikomo. Chakula hakikutusumbua: tulikodi nyumba yenye jiko, tukabeba kuku wa kienyeji waliokwisha kukaangwa na madumu mawili ya mafuta ya alizeti. Mtu wa Singida hanunui mafuta ugenini.

Sasa ratiba ya huko juu. Asubuhi nzima ya Jumamosi niliipa Irente, kwa kuwa kila anayetoka Lushoto anarudi na picha ya pale. Ni jabali linalokatika ghafla. Unasimama ukingoni na chini yako, umbali wa mamia ya mita, nchi imetandazwa hadi macho yanapokoma: tambarare, kavu, ya rangi ya kahawia, vumbi likinyanyuka mahali fulani penye ng'ombe. Tulisimama. Tukapiga picha. Mama mmoja mwenye zaidi ya miaka 60, tunayemwita Mama Mkubwa, akatazama kwa makini, mkono juu ya nyusi, halafu akaniuliza kwa upole kabisa:

"Mweka hazina, si ni Singida hii?"

Saa tatu nilizotenga zikaisha kwa dakika 20.

Baadaye, tukielekea upande wa msitu wa Magamba, mtu akaomba kuchimba dawa. Gari likasimama kwenye kona isiyokuwa na jina kwenye daftari langu. Pembeni mwa barabara kulikuwa na kijito, upana wake hatua moja, kikishuka kutoka msituni na kupita kwenye shamba la kabichi. Hakuna aliyekuwa anateka maji. Hakukuwa na ndoo wala foleni. Mama Mkubwa akavua viatu, akaingiza miguu, akakaa juu ya jiwe. Wengine wakamfuata. Tulikaa pale zaidi ya saa mbili, na ratiba yote ya mchana ikafa.

"Haya maji yanakwenda wapi?" aliuliza.

Nikamwambia yanashuka tu bondeni.

"Yanashuka tu," akarudia, kama mtu aliyesikia habari ya ubadhirifu.

Hapo ndipo nilipolielewa kosa langu. Singida tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia kama Desemba hadi Aprili. Maziwa yetu mawili ya mjini, Singidani na Kindai, yana magadi. Ikifika Oktoba majani yamekauka, upepo unapeperusha mchanga, na kijani unachokiona ni mwarobaini na minyaa. Milima ya Usambara, ilipo Lushoto, nayo inasimama mbele ya pepo zinazotoka Bahari ya Hindi na kuzikamua. Ina masika na ina vuli, na misitu yake inaendelea kutiririsha hata katikati ya ukame. Mwenzetu wa Dar anakwenda Lushoto kutafuta baridi na mandhari ya mbali. Baridi tunayo, na mbali tumezaliwa nako. Sisi tulikwenda kwenye maji bila kujua, na daftari langu halikuwa na hata mstari mmoja wa maji. Mwezi nilioupatia, Oktoba, niliupatia kwa ajili ya sikukuu tu.

Jumapili sikupanga chochote. Walikwenda gulioni, wakanunua karoti na viazi kupita uwezo wa buti, kisha wakarudi kwenye kijito chao.

Jumatatu asubuhi dereva wa zamu alishuka mlima kwa gia ya nne akiwa ameegemea breki. Wazee wa barabara husema gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Yeye alikuwa na haraka ya nyumbani. Kabla ya Soni tukasikia harufu ya breki, tukasimama. Gurudumu la mbele usingeweza kulisogezea kiganja. Kijana mmoja akaja na maji ya kumwagia, dereva wa pili akamzuia, kwa kuwa chuma cha moto kikimwagiwa maji hupinda au kupasuka. Ikabidi tungoje dakika 40 kipoe chenyewe.

Mama Mkubwa hakulalamika. Alichukua dumu la lita 5 lililokwisha mafuta ya alizeti, akalisuuza kwa sabuni, akalijaza kwenye mfereji wa pembeni. Njia nzima hadi Singida, tulipoingia saa 3 usiku, lilikaa katikati ya miguu yake, na kila kwenye tuta alilishika kwa mikono miwili.