Bomba lisilo na mshono

Mwenye kuinama juu ya tupa huku akisikiliza chuma kinavyolia hujifunza mengi. Ndivyo ilivyokuwa Remscheid, Ujerumani, ambako baba wa ndugu Reinhard na Max Mannesmann alikuwa na kiwanda cha tupa. Enzi hizo bomba lilitengenezwa kwa kukunja bamba na kuunga kingo zake, na mvuke ulipozidi nguvu, mshono ndio uliotangulia kupasuka.

Mwaka 1885 ndugu hao walisajili hataza ya njia yao. Pande la chuma cha pua lililopashwa moto mpaka likawa jekundu hupitishwa kati ya rola mbili zilizowekwa mshazari, zikizunguka upande mmoja. Pande huzunguka likisonga mbele, na moyo wake hulegea na kufunguka. Ncha ngumu iliyowekwa katikati hulisawazisha tundu hilo. Chuma chenyewe ndicho kinachoachia nafasi! Mimi sijaona uvumbuzi wa karakana unaonivutia kuliko huu.

Ila bomba la kwanza lilitoka nene na fupi, na ilibidi wabuni namna ya pili ya kulinyoosha na kulifanya jembamba. Kampuni yao iliundwa mwaka 1890, ikahamia Düsseldorf mwaka 1893. Mwaka 2000 Vodafone iliinunua kwa ajili ya biashara ya simu ambayo kampuni hiyo ilikuwa nayo wakati huo, lakini mafundi wa mabomba hawakuzima tanuri: jina Mannesmann bado linabandikwa kwenye chuma.